Spea za Mandolini ya Zamani Zipo, Usikubali Kuambiwa Hazipo

Juzi dada mmoja wa Nachingwea kanitumia meseji kuhusu mandolini, kile chombo cha nyuzi kama gitaa dogo, naiweka kama ilivyo: "Kaka shikamoo kama umenizidi umri, nimeona video yako unapiga mandolini, na mimi babu kaniachia moja, mgongo wa bakuli kama yako, ila mashine za kukazia nyuzi zimekufa na fundi ananiambia spea zake hazipo duniani." Marahaba dada. Nilipofika hapo kwenye "hazipo duniani" nikacheka, halafu nikapata hasira, maana maneno hayohayo niliambiwa mimi tena mbele za watu.

Yangu ilikuwa ya mjomba. Kwetu huku kusini mnajua wenyewe mjomba ni nani, kitu cha mjomba hakitupwi. Alikuwa anapigia taarabu hapa Mikindani enzi zake, akafa ikakaa uvunguni miaka na miaka, mende wakala lebo ya ndani likabaki neno moja tu linalosomeka, Napoli. Na kweli hizi za bakuli asili yake ni huko Italia, na anayetajwa sana kwa kuziwekea nyuzi za chuma na mashine za gia badala ya vigingi vya mbao ni fundi mmoja wa Napoli wa karne ya 19, Pasquale Vinaccia. Kwa hiyo hizo gia sio urembo jamani, nyuzi nane za chuma zinavuta usiku na mchana, bila gia nzima hakuna tuni itakayokaa.

Nikaenda nayo Dar. Fundi wa magitaa, simtaji jina, kaishika kwa mkono mmoja kama anashika papai, kaigeuza, kasema "hii katundike ukutani iwe pambo, nunua ya Kichina." Vijana wake wakacheka. Mimi mtu mzima nimepanda basi toka Mtwara na mandolini nimeipakata mapajani njia nzima isigongwe, halafu nachekwa. Hiyo sijaisahau na sina mpango wa kuisahau.

Nikajaribu kuagiza nje kwa intaneti. Muuzaji nimemtumia picha, nimemtumia vipimo, kajibu sawa sawa, mzigo umekuja ni pleti (vile vibati vinavyobeba mashine) za kisasa. Ngoja niwaeleze tofauti maana hapa ndipo wengi wanapoliwa hela. Kwenye pleti nyingi za zamani ile skrubu inayozungusha gia imekaa juu ya gia, za siku hizi nyingi imekaa chini. Kwa macho zinafanana, ila ukifunga isiyo ya kwako vishikio vya kuzungushia vinakaa sehemu nyingine kabisa na mkono unazungusha kinyume, unadhani unakaza kumbe unalegeza. Pesa hazikurudi.

Sasa sikilizeni. Usitafute mashine kwa jina la mandolini, tafuta kwa kipimo. Ukiingia dukani unasema "nataka mashine za mandolini ya Napoli" watakushangaa tu. Shika rula. Mandolini ina pleti mbili, kila pleti shafti nne, vile vinguzo vinavyozungushiwa nyuzi. Pima kutoka katikati ya shafti ya kwanza mpaka katikati ya shafti ya nne, gawa kwa tatu. Za kisasa zilizozoeleka ni milimita 23 kati ya shafti na shafti, yaani jumla 69. Yangu ilitoka 72, maana yake 24. Utasema milimita moja kitu gani? Anza na shafti ya kwanza uone, ya pili imekosa tundu kwa milimita moja, ya tatu mbili, ya nne tatu, hapo haiingii hata uitukane. Na anayekwambia kata pleti ya gitaa ya mashine tatu tatu mkimbie, hizo zinakaa milimita 35, ni dunia nyingine. Kwa hiyo pima. Unene wa shafti nao pima, fundi yeyote wa mitambo mwenye venia kalipa (kile kipimo cha kubana cha kupimia unene) atakupimia bure ukimsalimia vizuri.

Lakini kabla hata ya kutafuta pleti nzima, zifungue uone kilichokufa ni nini hasa. Mimi nilizitoa nikazilaza juu ya gazeti, nikakuta chini ya gia za nyuzi za A (nyuzi zinakaa mbili mbili: G, D, A na E) kuna unga wa njano, laini kama binzari. Ile ni shaba inasagwa. Gia ni ya shaba, skrubu inayoizungusha ni ya chuma, na hii hewa ya bahari yetu inakitia chuma kutu kinakuwa kama msasa, kila ukikaza kinakula meno. Mashine zilikuwa nane, zilizokufa ni mbili! Mbili tu, na mtu kaniambia nitundike ukutani.

Gia nikazipata Masasi, kwenye mandolini ya kwaya iliyovunjika shingo ikatupwa stoo. Pleti zake hazikulingana na zangu, ila gia ilikuwa na upana uleule na idadi ya meno ileile (hesabu meno, usikadirie), na tundu la katikati likakaa kwenye shafti bila kucheza. Kila gia imeshikwa na kiskrubu kidogo juu yake, zangu viligoma, nikampelekea fundi saa pale sokoni Mtwara. Mzee yule katia tone la mafuta ya cherehani, kasubiri, kagusa na ncha ya pasi ya kuchomelea ipate moto kidogo, kiskrubu kikatoka kama hakijawahi kugoma. Fundi wa magitaa hakuweza, fundi saa kaweza, hapo mwenyewe utajua wa kumheshimu ni nani. Skrubu za chuma nazo kazisugua kutu ikaisha.

Vishikio viwili vilikuwa vimepasuka, hivyo wala sikuagiza. Sisi tunakaa kwenye nchi ya mpingo, Wazungu wanauchukua kutengenezea klarineti na zumari zao, halafu mimi niagize kiplastiki toka ng'ambo? Nilimpa kijana anayechonga vinyago kishikio kizima awe nacho cha mfano, kachonga, katoboa tundu dogo la kubana ncha ya shafti, tone la supaglu, basi. Wageni wanaviulizia kuliko mandolini yenyewe. Matundu ya skrubu za pleti yakiwa yamelegea, chomeka njiti ya kiberiti yenye gundi ya mbao, ikikauka kata, funga upya.

Vijana wenzangu, tatizo letu tunapenda kipya. Msimu wa korosho ukiingia mtu ananunua spika ya kutikisa mtaa mzima na chombo cha babu yake kinaliwa na mchwa. Halafu tunalalamika taarabu ya zamani imekufa. Imekufaje na wewe ndio umeilaza uvunguni? Pima, fungua, uliza mafundi wa kwenu kwanza, Dar utaenda baadaye.

Na mashine zikishapona msizimalize kwa nyuzi nene. Hizi za bakuli ni nyepesi, kifua chake kinazama. Mtwara nyuzi za mandolini sijaziona dukani, mimi nachukua za gitaa la umeme, seti mbili za namba 9 (namba ni unene wa uzi, na seti inaitwa kwa uzi wake mwembamba kuliko wote): ile 9 inakuwa E, 24 inakuwa D, 32 inakuwa G, na kwa A natafuta 13 mbili kwenye seti za namba 10. Kile kishanga cha mwisho wa uzi kibane na plaizi taratibu mpaka kipasuke kitoke, utabaki na kitanzi cha kuvalisha kwenye kulabu ya chini. Vaa miwani wakati unabana, vipande vinaruka.