Jibu: Filta mpya ya oili, injini inagonga asubuhi

Habari mkuu. Umesema tangu ubadilishe filta, Hiace yako ikilala inagonga sekunde mbili tatu asubuhi na taa ya oili inachelewa kuzima. Kwanza chomoa dipstiki (kijiti cha kupimia oili). Oili ikiwa chini, filta unaionea bure.

Kiwango kikiwa sawa, fungua filta uitazame mdomoni. Nyuma ya vile vitundu vya pembeni kuna raba inayozuia oili isirudi kwenye sampo (bakuli la oili chini ya injini) injini ikizimwa. Ikikakamaa, filta inakuwa tupu alfajiri na oili inachelewa kufika kwenye injini, hasa filta iliyofungwa kwa kulala ubavu. Mimi yalinikuta hapa Ngaramtoni: niliibonyeza, ikawa ngumu kama plastiki, na filta ina mwezi mmoja tu! Sasa dukani naibonyeza taratibu kwa kalamu safi. Isiporudi naiacha, hata muuzaji akinuna.

Usinunue kwa kulinganisha nyuzi tu. Filta mbili huingia pale pale, kumbe valvu (vilango vya oili) za ndani zinafunguka kwa presha tofauti. Taja modeli ya injini. Ukifunga, hakikisha raba ya nje ya filta ya zamani, ile ya kuzuia kuvuja, haijabaki kwenye bloku (mwili wa injini), paka raba mpya oili, kaza kwa mkono. Raba ikishagusa bloku ongeza kama robo tatu ya mzunguko.