Walimu wameondoka katikati ya mwaka na bado mnataka ufaulu upande? Yaliyotukuta sisi

Kwa ambao hawana muda wa kurudi juu, mleta uzi kauliza hivi: shule yao ni ya kati, watoto wa miaka 11 mpaka 14, ndani ya muhula mmoja wameondokewa na mwalimu wa hesabu, wa sayansi na makamu mkuu, wameletwa wapya wawili na nafasi moja bado iko wazi, halafu kikao cha kwanza tu uongozi umetangaza kwamba mwaka huu huu ufaulu lazima upande. Anauliza inawezekana au ni maneno ya kikao. Naona wengi mmemjibu asubiri mwaka ujao. Mimi nasema inawezekana, sema siyo kwa njia ambayo shule nyingi zinaikimbilia, na nasema hivyo kwa sababu sisi tuliikimbilia hiyo njia na tukachemsha vizuri tu.

Mimi nimefundisha hesabu shule ya kati miaka 14, mitano ya mwisho nikiwa mwalimu wa taaluma, kwa hiyo hizi habari za nani kaja nani kaondoka nimezipitia sana na nyingine nimeziandika kwa mkono wangu kwenye ubao wa matangazo. Mnazijua zilivyo. "Tunamshukuru mwalimu wetu kwa utumishi wake, tunamtakia kila la heri, tunamkaribisha mwalimu mpya", mistari mitatu, picha ya pamoja, watu wanarudi vipindini.

Mara ya kwanza kuondokewa na mwalimu wa hesabu katikati ya mwaka, makabidhiano niliyasimamia mimi mwenyewe na fomu nikasaini. Ilikuwa fomu safi kweli kweli: vitabu 62, rula ya ubao moja, bikari ya ubao moja (mguu umelegea), funguo mbili za kabati, azimio la kazi, daftari la alama. Tukapeana mikono. Wiki iliyofuata mwalimu mpya kaingia, kijana msafi anayependa mpangilio, akakuta sakafuni kuna utepe wa karatasi umebandikwa kutoka mlangoni mpaka dirishani, umechakaa, una vialama vya peni vilivyofutika nusu. Akaona uchafu. Akawaambia watoto waubandue.

Ule utepe ulikuwa mstari wa namba. Mwenzetu aliyeondoka alikuwa na darasa ambalo nusu yao namba hasi zimewagomea kabisa, akawa anawasimamisha juu ya utepe, sifuri katikati ya darasa, mtoto anasimama kwenye hasi 3 anaambiwa toa 5, anatembea kuelekea mlangoni anafika hasi 8 kwa miguu yake mwenyewe. Walikuwa wameshaanza kuelewa. Utepe ukabanduliwa, mwalimu mpya akaendelea na azimio la kazi lilipoishia, ambalo ni kuzidisha namba hasi, akafundisha vizuri tu kwamba hasi kwa hasi ni chanya, na ndani ya wiki mbili madaftari yote yakawa na kitu kimoja: −3 − 5 = 8. Watoto wameona hasi mbili wakazigeuza chanya! Kanuni ya kuzidisha imeingia kwenye kutoa kabla kutoa kwenyewe hakujakaa sawa.

Alama za mtihani wa nusu muhula zilianguka, na ofisini tukaanza yale mambo yetu, "huyu kijana hana uzoefu", "darasa limemshinda". Nami nilisema, sitajitoa. Ilinichukua muda kukubali kwamba kijana hakuwa na kosa, kosa lilikuwa kwenye ile fomu yangu safi iliyohesabu mpaka bikari yenye mguu uliolegea lakini haina hata mstari mmoja kuhusu mtoto.

Kwa hiyo mleta uzi, mwalimu akiondoka, somo linabaki vitabuni, kinachoondoka naye ni anachokijua kuhusu wale watoto, na hicho hakipo kwenye daftari la alama. Ukiona 34 kwenye daftari haikwambii kama huyo mtoto hajui sehemu, hasomi swali mpaka mwisho, au haoni ubaoni.

Wale wanaodhani hii inawagusa wanafunzi wa mwalimu aliyeondoka tu, kuna utafiti maarufu wa Ronfeldt, Loeb na Wyckoff, ulitoka 2013, waliangalia wanafunzi wa darasa la 4 na la 5 wa shule za jiji la New York kwa miaka 8. Waliona pale walimu wanapobadilika sana watoto wanashuka hesabu na lugha, na kilichonishtua ni kwamba hata wale ambao mwalimu wao hakuondoka nao waliguswa. Ukikaa ofisi ya walimu hilo halikushangazi sana, maana mwenzako akiondoka vipindi vyake mnagawana, unasahihisha usiku, yule uliyekuwa unamuuliza "wewe hii mada uliiingiaje" hayupo, na wewe unayebaki unaanza kuchoka bila kujua kwa nini.

Tulichofanya mara ya pili, alipoondoka mwalimu wa sayansi. Tulimpunguzia vipindi viwili vya siku zake za mwisho akakaa na mimi na orodha ya darasa, jina moja baada ya jingine, yeye anaongea mimi naandika. Nasisitiza hapo, ASIANDIKE YEYE. Ukimwambia mwalimu aandike kuhusu mwanafunzi anakuandikia lugha ya ripoti, "anajitahidi", "aongeze bidii", "ana uwezo ila hajitumi", takataka tupu. Ukimwacha aongee anakwambia vitu vya maana. Nakumbuka baadhi: "huyu usimuulize mbele za watu, mpitie akiwa anaandika atakueleza vizuri kuliko wote". "Huyu anajibu haraka kwa sababu anataka uondoke mezani kwake, mwambie akuoneshe njia". "Huyu haoni ubaoni na hataki kusema, mimi nilimhamishia mbele kwa kisingizio cha kugawa madaftari". Darasa zima lilikula kama dakika 70, karatasi mbili na nusu. Yule mgawa madaftari angerudishwa nyuma siku ya kwanza tu na mwalimu mpya mwenye kupanga watu kwa urefu, na tungekuja kushangaa mwisho wa mwaka sayansi imemkuta nini.

Angalizo kidogo hapo, ya nyumbani kwao watoto, nani kafiwa nani wazazi wameachana, hayo msiyaweke kwenye karatasi inayozunguka ofisini. Hayo yanapita kwa mwalimu wa ushauri, mdomo kwa sikio. Nimewahi kuona karatasi kama hiyo imesahaulika kwenye mashine ya fotokopi na wanafunzi ndio wakaikuta.

Jingine ni kuwaambia watoto wenyewe. Shule nyingi watoto wa umri huu wanaachwa wajue kwa tetesi, Jumatatu mwalimu hayupo, basi. Sasa mtoto wa miaka 12 akili yake inatafuta sababu na ya karibu zaidi ni yeye mwenyewe. Binti mmoja alinifuata koridoni akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, ni sisi tulimkimbiza?" Darasa lao lilikuwa na kelele na walishasemwa sana. Nilikosa cha kusema kwa sekunde kadhaa aisee. Tangu siku hiyo anayeondoka anaaga darasani mwenyewe, anasema anaenda wapi kama yuko tayari kusema, na kama inawezekana anakaa na mgeni wake kipindi kimoja mbele ya darasa. Haigharimu kitu.

Sasa ufaulu. Malengo ya asilimia yanayobandikwa ukutani mimi siyachukii, shida ni kwamba hayamwambii mwalimu Jumatatu afanye nini. Na yana mtego, ambao ndio niliosema tulichemsha. Mwaka ule wa kwanza baada ya matokeo kuanguka tulipewa lengo, na alama ya kufaulu ilikuwa 40, tukafanya mahesabu ya haraka: tuwachukue wenye 33 mpaka 39, tuwape masomo ya ziada jioni, wakivuka tu asilimia inaruka. Na iliruka kweli! Tulipongezwa. Wale wenye 15 na 20 hakuna aliyewagusa kwa sababu hesabu yetu haikuwahitaji. Mwaka uliofuata ni hao hao nikawakuta darasa la juu hawajui chochote, watatu wakawa hawaji shule kabisa, na lile ongezeko letu likayeyuka. Sijivunii hilo.

Tulichokuja kukifanya baadaye ni kidogo mno mpaka mkuu wetu aliona kama utani. Kila Alhamisi walimu wa somo moja tunaokota madaftari 10 bila kuchagua, tunayafungua meza moja, tunatafuta kosa linalojirudia. Siyo alama, kosa. Wiki hii watoto wanajumlisha 1/2 na 1/3 wanapata 2/5, maana wamejumlisha juu kwa juu na chini kwa chini. Basi wiki ijayo kila anayefundisha hesabu anaanza kipindi kwa dakika 10 za hilo, na mwalimu mpya yumo kwenye hiyo meza toka wiki yake ya kwanza, anaona makosa ya darasa lake bila kusubiri mtihani. Kijana wa utepe (alibaki, leo ndiye kiongozi wa idara yao) alikuwa anakuja na madaftari 20 peke yake.

Kwenye kusahihisha kuna kitu kingine cha kujaribu ila jiandaeni kwa kelele. Kuna utafiti wa Ruth Butler wa 1988, alikuta wanafunzi waliopewa maoni bila alama waliendelea vizuri, waliopewa alama pamoja na maoni wakawa sawa tu na waliopewa alama peke yake, yaani alama ikishakuwepo yale maoni ni kama hayapo. Ukimrudishia mtoto daftari unaliona hilo kwa macho, anatafuta namba, anageuka kwa jirani "umepata ngapi", anafunga. Tukaondoa alama kwenye mazoezi nusu muhula. Wazazi walitupigia simu hatari, "mtoto wangu ni wa ngapi?" Tukakutana katikati: daftari linarudi na maoni kwanza, mtoto anasahihisha, alama anapewa baada ya siku mbili. Hilo limedumu mpaka leo.

Mahudhurio nayapitia haraka kwa kuwa kila mtu anajua, ila angalieni kwa mtoto mmoja mmoja, msitazame wastani wa shule. Kwa mwaka wa siku 180, mtoto anayekosa siku mbili tu kwa mwezi anakaribia siku 18, hiyo ni asilimia 10 ya mwaka na hakuna anayemstukia kwa sababu hajawahi kupotea wiki nzima. Balfanz na wenzake walifuatilia watoto wa Philadelphia toka darasa la 6, ripoti yao ilitoka 2007, na dalili walizoziona mapema ni rahisi mno: mahudhurio ya asilimia 80 au chini, kufeli hesabu, kufeli lugha, na kesi za nidhamu. Wengi wenye hata dalili moja hawakuja kumaliza sekondari kwa wakati. Darasa la 6 wakuu, miaka mingi kabla ya mtihani wa mwisho, na daftari la mahudhurio liko hapo hapo mezani kwenu.

Halafu tafadhali, wale wageni wenu wawili msiwape darasa ambalo kila mtu amelikimbia. Najua inavyokuwa, ratiba inagawanywa kabla hawajafika, wenyeji wamejichukulia madarasa matulivu, mgeni anakuta kilichobaki, juu yake apewe zamu, michezo na ualimu wa darasa. Kwetu tulipitisha kwamba muhula wa kwanza mgeni hapewi darasa la kulea na vipindi vyake vinapunguzwa vitatu. Wenyeji walinuna, akiwemo rafiki yangu mkubwa ambaye mpaka leo ananitania kwamba nilimuuza. Lakini kati ya watano waliokuja baada ya hapo kaondoka mmoja tu, na huyo alimfuata mwenza wake.

Umeuliza matokeo. Mwaka ule wa mwalimu wa sayansi, sayansi haikushuka, ilibaki pale pale, na mimi hilo nalihesabu ushindi kwa sababu mara ya kwanza tulianguka vibaya. Hesabu ilipanda kidogo kwenye mikondo miwili, wa tatu ukashuka na sababu tulikuja kuijua baadaye, mwalimu wake alikuwa anabeba vipindi vya nafasi iliyokuwa wazi hapo kwetu na hakufika kwenye meza ya Alhamisi hata mara moja. Kwa hiyo kama nafasi yenu ya tatu bado iko wazi, mimi ningeanza hapo, ningeuliza ni nani anaibeba na mnamtolea nini kingine mgongoni.

Na hao walioondoka kama haijafika miezi miwili bado wanawakumbuka watoto kwa majina. Wapigieni na orodha mkononi, simu moja kwa darasa moja. Ukikwama kwenye maswali ya kuwauliza niambie hapa, yale tuliyokuwa tunatumia bado ninayo.