Alikuwa ameshika nini mkononi? Kwa mnaoanza kurekodi vifo vya maandamano

Nyinyi mnaoanza hii kazi mwaka huu, wa hapa Kisumu, mitaa ya Kondele, Obunga, Manyatta, na wale mmetoka mpaka Kakamega na Nakuru, karibuni sana. Swali la kwanza kila mtu atawauliza ni wamekufa wangapi. Redio itauliza, mheshimiwa atauliza, hata mjomba wako aliye Mombasa atakupigia usiku akuulize. Mkiwa na jibu jibuni. Lakini miaka ikisonga na faili ikifika kwa hakimu, hilo sio swali litawatoa jasho. Litakalowatoa jasho ni hili: marehemu alikuwa ameshika nini mkononi? Na kama hukuandika siku hio hio, jua kuna mwenye yunifomu ashaandika kwa kitabu cha OB, kile cha matukio pale kituo cha polisi, na ameandika mawe ama panga.

Katiba yetu kifungu cha 37 inampa kila mtu haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani, bila silaha. Hapo kwa "bila silaha" ndio kazi yenu iko, mtu mmoja baada ya mwingine, kwa sababu hakuna mahali nimewahi kusoma ama kusikia penye askari walifyatua risasi halafu wakasema ukweli kwamba tulipiga mtu aliyekuwa anaimba. Watasema walivamiwa. Watasema kituo kilikuwa kinataka kuchomwa.

Na hii inakuwa mbaya mara mbili penye watu wanadai kujitenga, ndio maana kwa mafunzo huwa nawarudisha huko hata kama mtu ananiuliza sisi Kisumu tunahusika aje. Tunahusika. Mwishoni mwa 2017, baada ya ule uchaguzi wa marudio wa Oktoba ambao huku Kisumu hatukupiga kura, mazungumzo ya kujitenga yalikuwa kila kibanda cha chai, na kuna mbunge wa hapo Homa Bay aliandika mpaka mswada wa kugawanya nchi. Wengi walikuwa wanaongea tu kwa uchungu. Lakini ukishaitwa mtu wa kuvunja nchi, mikono yako mitupu haihesabiwi tena, bendera yako ndio inakuwa bunduki. Angalieni Kameruni. Tarehe 1 Oktoba 2017 watu wa Bamenda, Buea na miji mingine ya wanaoongea Kiingereza walitoka kutangaza nchi yao ya Ambazonia, wengi wakiwa wamebeba matawi ya miti, venye sisi pia hubeba matawi tukishuka na barabara ya Kondele ili mtu aone hatujakuja kwa shari, na bado walimiminiwa risasi, Amnesty International wakahesabu waliouawa wasiopungua 20. Tawi halikusaidia mtu. Ila mwenye kupiga picha ya hilo tawi likiwa chini kando ya mwili, huyo alifanya kazi.

Basi mimi naanza na mikono. Ukiingia mochari na familia, omba kwa heshima, piga picha mikono yote miwili, kiganja na upande wa nyuma, kabla hajaoshwa. Andika iko na nini: vumbi, damu, oili ya pikipiki, unga. Kuna kijana alikuwa na unga wa chapati mpaka kwa kucha, sasa niambie huyo alikuwa anarusha mawe saa ngapi. Halafu mifuko ya nguo, itolewe mbele ya watu wawili wa nyumbani na kila kitu kiandikwe, funguo, kitambulisho, pesa ngapi, risiti ya nini, ya saa ngapi. Risiti iko na saa, na saa inaweza kuonyesha alikuwa wapi kabla ya risasi kuliko mashahidi kumi wenye hasira.

Na kama alikuwa na jiwe, andika jiwe. Hapa vijana wengi hunikasirikia lakini siwezi kubadilisha. Ukificha jiwe moja na wakili wa upande ule alipate kwa video ya mtu mwingine, ile listi yako yote inageuka propaganda. Andika jiwe, andika alikuwa umbali gani na polisi, andika alikuwa anaenda ama anarudi, maana sheria yetu haisemi mwenye jiwe auawe, inasema bunduki ni ya mwisho kabisa, penye maisha ya mtu yako hatarini na njia zingine zimeshindwa. Mtu aliyepigwa akiwa anakimbia hana hatari kwa mtu yeyote hata kama dakika kumi mapema alikuwa anarusha.

Ndio tunafika kwa nguo. Kuna nyumba moja Nyalenda niliingia asubuhi nikapata shangazi ya marehemu ameinamia karai anafua shati la kijana wao. Shati la bluu la shule, lilikuwa limebaki la kufanyia vibarua, na maji yamegeuka rangi ya chai. Sasa huyo utamwambia nini? Anafua kwa sababu mikono inataka kitu cha kufanya, na kwa sababu hataki mamake aingie akute damu. Nikamwambia pole shangazi, naomba hilo tuliache hapo lilipofika. Akaliinua na povu lake, tundu lilikuwa mgongoni, chini kidogo ya bega la kushoto, na mbele hakukuwa na tundu. Mengine yote yalikuwa yameenda na maji lakini hilo tundu halikuenda, na lilikuwa linasema kijana alikuwa anaangalia wapi. Kwa hivyo ukifika nyumbani kwa watu, kabla ya maswali yako mengi, uliza nguo ziko wapi. Zisifuliwe. Zianikwe kivulini mpaka zikauke kabisa, halafu zikunjwe ndani ya bahasha ya kaki ama mfuko wa karatasi, sio plastiki (najua plastiki zilipigwa marufuku tangu 2017 na bado mnazo), plastiki inashika unyevu na damu inaoza.

Upasuaji wa maiti usiachiwe daktari mmoja wa serikali akiwa peke yake na maaskari wawili mlangoni. Familia inaweza kuleta daktari wake akasimama hapo, na yako mashirika ya madaktari na mawakili husaidia, ulizeni mapema sio siku ya mazishi. Mambo ya kuhakikisha yameandikwa ni risasi iliingilia wapi, ikatokea wapi, ilitoka juu ama chini, na kama kuna kipande kimebaki mwilini kimekabidhiwa nani, kwa sahihi gani. Daktari akiandika tu "jeraha la risasi" na kuishia hapo, muombe aendelee.

Kuhusu maganda ya risasi sina subira. Kila maandamano yakiisha utaona watoto wanayaokota kama visoda, na mtu mzima naye anaweka matatu mfukoni aonyeshe kwa baa. Ganda likishatoka mahali pake haliwezi tena kuonyesha aliyefyatua alikuwa amesimama wapi. Weka sarafu kando yake, piga picha ya karibu ionyeshe maandishi ya pale nyuma, piga ya mbali ionyeshe duka ama nguzo ya stima, andika saa. Wachunguzi wa IPOA, ile mamlaka huru ya kusimamia polisi, wakija uwaonyeshe. Kama unaona litaokotwa na mtu wa kulipoteza, hapo sasa lichukue mbele ya mashahidi, na kila anayelishika kuanzia hapo ajiandike jina na saa.

Mnaona huu ni usumbufu wa karatasi tu? Januari 2008, hapa hapa Kisumu, kamera ya televisheni ilinasa afisa wa polisi akipiga risasi waandamanaji ambao hawakuwa na kitu chochote, akamfuata mmoja akiwa chini akampiga teke. Nchi nzima iliona, jioni, tukiwa tunakula. Kesi ya mauaji ikafunguliwa na mwaka 2010 mshtakiwa akaachiliwa, na moja ya mambo yaliyoangusha kesi ni kwamba namba ya bunduki iliyopimwa na mtaalamu haikulingana na namba ya ile afisa aliyopewa. Namba tu. Tume ya Waki, ile iliyochunguza vurugu za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, ilikuwa imeshahesabu vifo 1,133 nchi nzima, 405 kati yao vya risasi, na hata kile kimoja ambacho kila mtu alikiona kwa macho yake kikapotelea kwa karatasi. Kwa hivyo ukiona mwenzako ameandika "gari la polisi la bluu" bila namba ya usajili, mrudishe.

Video ni nzuri lakini isikulevye. Usikate, usiweke muziki, usiandike maneno juu yake, ile ya kwanza ibaki venye ilivyotoka kwa simu. Ukiituma kwa WhatsApp kama picha ya kawaida inakamuliwa na ile habari ya ndani ya saa na mahali inatoka, tuma kama dokumenti. Hio simu inaweza kuchukuliwa dakika yoyote kwa hivyo nakala iende kwa mtu ambaye hayuko barabarani. Pale Dili, Timor Mashariki, tarehe 12 Novemba 1991, jeshi la Indonesia lilifyatulia waombolezaji waliokuwa wameandamana mpaka makaburi ya Santa Cruz wakitaka uhuru, na Max Stahl, mwanahabari Mwingereza, alipoona atakamatwa akazika kanda zake kwa kaburi jipya, akarudia usiku. Serikali ilianza kwa kusema wamekufa 19, baadaye ikapanda kama 50, wenyeji wakaandika majina zaidi ya 200, na bila zile picha ulimwengu ungebaki na 19. Nyinyi hamtazika memori kadi kaburini, najua, lakini iwe iko na mahali pa kwenda kabla hujatoka nyumbani. Na msitegemee intaneti. Kameruni ilizimwa kwa mikoa yote miwili ya wanaoongea Kiingereza kwa siku 93 kuanzia Januari 2017. Daftari halizimwi.

Sasa ule msukumo wa kusema namba kubwa upesi. Sielewi kwa nini vijana wanafikiri namba kubwa ndio inatia uchungu. Tarehe 25 Oktoba 1969 Rais Jomo Kenyatta alikuja Kisumu kufungua hii hospitali tunaiita Russia, kukawa na fujo, walinzi wake wakafyatulia umati, na waliokuwa kando ya barabara wakapigwa msafara ukitoka mjini. Serikali ilisema 11. Wazee wa huku watakuambia ni wengi mno, wengine wanafikisha mia. Sisi wa leo tumebaki kubishana juu ya namba kwa sababu majina hayakuandikwa mapema yakawekwa pamoja. Namba inabishiwa. Jina, kijiji, jina la mama, kazi aliyokuwa anafanya, nani alimuona mara ya mwisho, hiyo mtu atabishia nini? Bora uwe na majina sita yamekamilika kuliko ishirini na tano ya "kijana mmoja wa Manyatta".

Tena tokeni barabarani. Picha zote ziko kwa lami lakini watu wanauawa kwa vichochoro, saa nane usiku, kamera zikishaenda kulala. Mtoto Samantha Pendo alikuwa na miezi 6, Agosti 2017, alipigwa akiwa nyumbani kwao Nyalenda polisi walipovamia nyumba usiku. Hakuna afisa angesema amebeba jiwe. Mwaka 2019 hakimu aliyechunguza kifo chake hapa Kisumu alisema polisi wanawajibika, na mwaka 2022 Mkurugenzi wa Mashtaka akaidhinisha maafisa 12 washtakiwe kwa uhalifu dhidi ya binadamu, yaani hata na ushahidi huo wote ilichukua miaka mitano kufika mlangoni mwa korti. Kwa hivyo asubuhi yake msikimbilie raundabauti kupiga picha za tairi zilizochomwa, ingieni kwa ploti, mlango kwa mlango, na muwe na mama mmoja wa mtaa anayejulikana, sio nyinyi vijana pekee na koti za kutisha.

Mashahidi, hili nitasema kifupi kwa sababu ni la kuogopa. Majina yao yakae kwa daftari tofauti na maelezo yao. Sura zao zisiende kwa statusi ya mtu. Mwendesha boda aliyeona kila kitu bado atapita hio steji kesho na keshokutwa, na aliyefyatua pia anapita hapo.

Mwisho ni ahadi. Kule Derry, Ireland ya Kaskazini, wanajeshi wa Uingereza waliua waandamanaji 13 tarehe 30 Januari 1972 na wa 14 akafa baadaye, na ndani ya wiki chache ripoti ya kwanza ikawaweka marehemu kwa mashaka ya mabomu na bunduki. Familia zilikaa na hilo doa mpaka 2010, ripoti ya pili ilipotoka na kusema hakuna hata mmoja wa waliopigwa aliyekuwa anatishia maisha ya mtu, waziri mkuu akasimama bungeni kuomba radhi. Miaka 38. Sasa wewe umefika kwa mama Jumanne, mazishi ni Jumamosi, deni la mochari linapanda kila siku, usianze kumwambia kuhusu fidia. Mwambie utaandika nini, utapeleka wapi, nani atampigia. Akikuuliza itachukua muda gani mwambie mrefu. Mwachie nakala ya kila karatasi aliyoweka sahihi, na namba ya simu itakayoshikwa hata mwaka ujao, na ukibadilisha laini rudi mwenyewe umpe mpya.