Ondoka mezani, mdogo wangu: maneno kabla hujapeleka mchezo wako maonyeshoni

Wadogo zangu mnaotengeneza michezo ya mezani Kisumu, Nakuru, Kakamega na kwingineko huku kwetu, nawaandikia nikiwa na hasira kidogo na mapenzi mengi. Mwaka huu nimezunguka sana kwenye vikao vyenu vya majaribio, na kila nikiketi naona jambo lile lile. Mchezaji anashika kadi, anaisoma, anakunja uso. Kabla hajafungua mdomo, mbunifu amesharukia: "Hapana, hiyo unaiweka hapa, halafu unachukua mbili, isipokuwa kama..." Mchezo unaendelea, watu wanacheka, mwisho wanapiga makofi. Mbunifu anarudi nyumbani akiamini mchezo umeiva. Haujaiva. Aliyeiva ni yeye, kwa maelezo.

Basi chukueni haya. Yapo yatakayokula nafasi kubwa na yapo ya mstari mmoja, msinidai usawa.

1. Ondoka mezani.

Jaribio la kweli ni lile ambalo wewe huna sauti. Mpe mtu sanduku lililofungwa, kijitabu cha sheria kikiwa ndani, kisha kaa nyuma yake na daftari. Akiuliza, usijibu, andika swali lake. Akikosea, usimsahihishe, andika alipokosea na ukurasa aliokuwa ameufungua. Kama huwezi kunyamaza, toka nje ukanywe chai na umwachie mwenzako daftari.

Najua kwa nini jambo hili linatushinda. Sisi tumelelewa na michezo isiyokuwa na kijitabu. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, lina hatua ya namua, ya kuingiza kete, na ya mtaji, kete zote zikiwa ubaoni, na wachezaji wake wakubwa walijifunza kwa kukaa kando ya wazee barazani wakitazama. Ajua, bao la Waluo, vivyo hivyo. Na Kadi, ile tunayocheza shuleni, mabwenini na kwenye stendi tukisubiri gari lijae, nani aliwahi kuisomea? Unakuta watu wanacheza, unaambiwa 2 na 3 ni za kuokotesha, J inaruka, K inarudisha mchezo, Q na 8 ni maswali, na kabla hujamaliza lazima useme "niko kadi". Ukivuka mtaa unakuta sheria zimebadilika kidogo, na unafundishwa papo hapo. Mwalimu yupo siku zote. Ndani ya sanduku lako hayupo.

Hili lilinipata mimi, tena kwa uchungu, na nitalisimulia lote kwa sababu nawaona mkielekea pale pale.

Nilikuwa na mchezo wa biashara ya samaki. Wachezaji ni wachuuzi wanaonunua ngege, mbuta na omena alfajiri ufukweni Dunga, wanashindana kuwafikisha soko la Kibuye kabla hawajaharibika. Kadi zilichorwa na rafiki yangu wa tangu utotoni, na nilimwahidi malipo siku kampuni itakapouchukua mchezo. Tuliucheza Kondele, tukaucheza Nyalenda, tukaupeleka kwa wanafunzi Maseno. Kila mahali uliwaka. Sikuwahi kuuona ukikwama hata mara moja, na kila mara nilikuwepo.

Nikaupeleka kwenye maonyesho Nairobi. Mchana wa siku ya kwanza, mama mmoja aliyetumwa na kampuni ya michezo ya Ulaya alikaa bandani kwangu, akacheza, akacheka, akarudia. Akaomba aondoke na sanduku akaucheze jioni hotelini na wenzake. Nilimpa nakala pekee iliyokuwa na michoro kamili. Usiku ule sikulala, nilikuwa napiga hesabu ya pesa za rafiki yangu.

Kesho yake alikuja kabla milango haijafunguliwa kwa umma. Aliliweka sanduku mezani kwa mikono miwili, na kijitabu juu yake. Alikuwa ameandika kwa penseli pembeni mwa kurasa. Ukurasa wa 2: tunajuaje kwamba mtu anakaribia kumaliza? Ukurasa wa 3: kadi za kuokota zimeisha, je, mchezo umekwisha? Ukurasa wa 4 hapakuwa na maneno, palikuwa na alama ya kuuliza iliyokolezwa mpaka karatasi imetoboka.

Katika mchezo wangu, aliyebaki na kadi moja alipaswa kutangaza, la sivyo anaokota. Kadi zikiisha katikati, zilizotupwa zinachanganywa na kurudishwa. Na huruhusiwi kumaliza kwa kadi yenye nguvu. Sheria hizo tatu hazikuwa kwenye kijitabu. Sikuziacha kwa haraka. Hazikuwahi kunijia akilini kama sheria, kwa kuwa kila mtu niliyewahi kucheza naye Kisumu alizifuata bila kuambiwa. Alizitoa kwenye Kadi, kama mimi. Kule hotelini mtu mmoja alimaliza kimya kimya mapema mno, wenzake wakaona wameonewa. Wakaanza upya, kadi zikaisha, wakabishana, wakaufunga.

Yule mama alizungumza nami kwa upole. Alisema wa mchana na wa usiku ilikuwa michezo miwili, na kwamba ule wa mchana hawezi kuuchapisha kwa sababu mimi sikai ndani ya sanduku. Nilimwomba anisubiri niandike upya usiku ule ule. Akasema orodha yao ya mwaka ilikuwa inafungwa na safari yake ilikuwa inaishia hapo.

Nilirudi Kisumu kwa basi la usiku na kwenda moja kwa moja kwa rafiki yangu. Hakunilaumu. Aliomba kijitabu, akakisoma chote akiwa amesimama mlangoni, akauliza, "Kwani kutangaza hukuandika?" Yeye alikuwa ameucheza mchezo huo tangu ukiwa vipande vya manila, na sikuwahi kumpa kijitabu akisome. Nilimlipa hatimaye, kidogo kidogo, kwa pesa za kazi nyingine. Miezi ile yote alinisalimia vizuri tu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Kwa hiyo mtafute msomaji ambaye hajui Kadi. Huku kwetu wapo tele: shangazi na wajomba wa kanisani ambao hawajagusa karata maisha yao yote. Hao ndio wakaguzi bora wa kijitabu chako, mradi hujachora kopa wala shupaza. Wape chai, wape sanduku, nyamaza. Shangazi yangu mmoja alisimamisha mchezo mzima akitaka kujua "zamu inayofuata" inaelekea kulia au kushoto. Nilikuwa nimeusoma mstari huo hadi nikaukariri, na sikuwa nimeuona.

2. Vipimo.

Kadi ya kawaida ni milimita 63 kwa 88, ongeza milimita 3 za kukatwa kila upande, na usiweke maandishi karibu na ukingo. Rangi pekee isibebe maana, weka na umbo, kwa sababu wapo wasiotofautisha nyekundu na kijani. Kadi za majaribio zichapishe karatasi ya kawaida, uzitie moja moja kwenye vifuko vya plastiki vya kadi, kila moja pamoja na karata kuukuu ili zichanganyike vizuri. Ukiona kijana analaminisha kadi za toleo ambalo atalibadilisha wiki ijayo, mzuieni.

Na Kisumu ina unyevu, jamani. Kadi iliyopakwa plastiki upande mmoja itajikunja ikikaa usiku mmoja tu wa mvua ya ziwani. Mwambie mchapaji apake pande zote mbili au asipake kabisa.

3. Mawe ya Kisii.

Kila mwaka yupo mmoja wenu anayegundua kwamba anaweza kuchongewa kete za jiwe kule Tabaka, Kisii. Ni wazo zuri, kete zile ni nzuri mno mkononi, baridi na laini, na mimi ninazo nyumbani. Lakini pima sanduku kwanza. Jiwe ni zito na gharama ya kusafirisha inafuata uzito. Tena jiwe la Kisii ni laini, kete zikigongana njiani zinabanduka pembe. Yatumie kwenye toleo dogo la kuuza mkononi, kila kete ikiwa imefungwa peke yake, na mlipe mchongaji bei inayomfaa, si ile ya kukomoana kando ya barabara. Nimemwona mbunifu akijisifu kwamba amempunguzia mzee bei mpaka ya kutupa, halafu kwenye sanduku akaandika kwamba anakuza sanaa ya jamii. Nilimwambia palepale alivyokosea, na ninalirudia hapa.

4. Kwenye maonyesho.

Usiucheze mchezo mzima. Watu wanapita, wana watoto, wana njaa. Andaa kipande cha dakika 10 kinachoanza katikati ya mambo, ambapo kila zamu kuna uamuzi wa maana, kisha uwaache wakitaka zaidi. Fundisha kwa kuchezesha: mpe kadi, mwache afanye jambo moja, ndipo umweleze la pili. Usianze na historia ya mchezo wala ndoto zako.

Kuna wanaoniuliza kuhusu Essen. Maonyesho ya Spiel hufanyika Ujerumani kila Oktoba, siku nne, yalianza mwaka 1983, na mwaka 2024 yalipita wageni 200,000. Ukienda kule kutafuta kampuni, usitegemee kupita banda kwa banda na begi mgongoni. Wale wanaopokea michezo mipya wameshapanga miadi wiki nyingi kabla, nusu saa nusu saa. Tuma barua pepe mapema, na ukurasa mmoja tu: jina, idadi ya wachezaji, umri, muda, picha ya mchezo ukiwa mezani, na sentensi mbili za jambo ambalo mchezo wako unalo na mingine haina. Visa ianze kushughulikiwa mapema kuliko unavyodhani. Wakikupa mkataba, asilimia ya mbunifu mara nyingi huwa kati ya 5 na 8 ya kile kampuni inachopokea, si ya bei ya dukani. Soma neno hilo mara mbili kabla hujakata kalamu.

Na kama nauli ya Essen haipo, usikae ukisononeka. Nairobi ni safari ya usiku mmoja, Nakuru ni karibu zaidi. Nimejifunza mengi zaidi kwa kumtazama mtoto wa Nakuru akikataa kurudisha kadi mezani kuliko kwa hotuba yoyote niliyowahi kuisikiliza.

5. Acheni kuficha.

Kijana ananiita nikamsaidie, kisha anataka nitie sahihi karatasi ya siri kabla hajafungua sanduku. Mdogo wangu, Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inalinda maandishi yako na michoro yako, hailindi wazo. Wazo la kununua samaki na kuwauza halina mwenyewe. Mchezo uliofichwa kabatini haujaribiwi, na usiojaribiwa hauna atakayeuiba.

6. China.

Wachapaji wengi wa kule huanzia nakala 500 au 1,000. Ukipiga hesabu usiishie kwenye bei yao: kuna meli, kuna ushuru, na ile VAT ya asilimia 16 inatozwa juu ya bei, usafiri, bima na ushuru kwa pamoja. Nimewaona watu wazima wamekaa Mombasa na nyaraka mkononi wakihesabu upya. Kwa toleo la kwanza, chapisha hapa hapa nakala chache, uuze, ujue makosa yako yakiwa bado madogo.

7. Kazi za mashirika.

Wengi wetu huku magharibi tunalipwa na kazi hizi kuliko michezo yetu wenyewe: shirika linataka mchezo wa malaria, wa maji safi, wa akiba kwa vikundi vya akina mama. Ni kazi ya heshima, ifanyeni kwa moyo. Lakini mtaletewa orodha ndefu ya ujumbe ambao "lazima uwemo", na mkikubali wote mtatoa mtihani wenye dadu. Chagueni jambo moja ambalo mchezaji ataliamua mwenyewe, kwa mfano chandarua kipo kimoja na watoto ni watatu, mwende naye hapo. Niliona meza ya akina mama Ahero ikigombana kwa nusu saa juu ya uamuzi kama huo, mmoja akasimama na kuonyesha jinsi anavyowalaza wanawe kwa upande wa kitanda ili wote waenee. Afisa wa afya aliacha kuandika, akaanza kumuuliza maswali.

Kwenye mkataba andikeni malipo ya awali, idadi ya marekebisho mtakayofanya bila kuongezwa pesa, na nani anagharamia majaribio vijijini: nauli, chai na posho za washiriki. Hilo la mwisho likisahaulika, litatoka mfukoni mwenu.