Usiku wa Kimya Baada ya Dhoruba: Kwa Mnaoanza Kazi Shambani Majira ya Kuchipua

Mmefika wapya kadhaa, na najua mnachokisubiri. Mnasubiri maua. Mtu akiambiwa anakwenda kufanya kazi kwenye shamba la matufaha majira ya kuchipua, kinachomjia kichwani ni miti myeupe iliyojipanga safu kwa safu, na nyuki wanavuma. Hayo mtayaona, ila hudumu siku kumi hivi, na ndizo siku ambazo hali ya hewa haina adabu hata kidogo. Naandika sasa, kabla tumba la kwanza halijafunguka, kwa sababu mengi ninayoyajua kuhusu kustahimili, ya kazini na ya maisha yangu mwenyewe, niliyaokota ndani ya siku kumi za namna hiyo. Nusu yake niliyaokota kwa kukosea.

Mwaka wangu wa kwanza miti ilikuwa imechanua siku ya nne. Mchana upepo ukageuka, mawingu yakashuka, ikaja mvua ya upepo ambayo sijui kama ilifika hata nusu saa. Ilipokoma, chini kulikuwa kweupe kuliko juu. Nilisimama katikati ya safu huku petali zimenigandia kwenye buti, machozi yananitoka. Nilishapiga hesabu kichwani: mwaka umekwisha. Mzee aliyekuwa akinifundisha kazi alikuja kwa nyuma, wala hakunibembeleza. Alichuma ua lililobaki kikonyo na uvimbe tu, akaniwekea kiganjani.

“Nionyeshe tunda liko wapi.”

Nikamwambia hakuna tunda, mvua imelipeleka. Akaupasua kwa ukucha ule uvimbe wa kijani ulio chini ya mahali petali zilipokuwa, mdogo kuliko kichwa cha njiti ya kiberiti. Ndani kulikuwa kubichi, kunang'aa maji.

“Petali kazi yake ni kumwita nyuki,” akasema. “Huyu alishaitikiwa. Alikuwa anazivua kesho, upepo umemvulia leo.” Akaenda zake.

Sisemi kwamba dhoruba haina hasara. Maua yaliyofunguka asubuhi ile na hayajapata chavua yalipotea kweli, maana nyuki hatoki kwenye mvua, na joto likishuka chini ya nyuzi 12 hivi wengi hubaki mzingani. Lakini mtufaha haukuwahi kupanga kuyalea maua yote. Mti uliochanua vizuri ukibakiwa na matunda 5 hadi 10 kwa kila maua 100, hayo ni mavuno kamili. Mengine yangeanguka tu, kwa upepo au bila upepo. Nilichokuwa nakililia ni mapambo, na tangu siku ile nikipatwa na jambo la kunivua kitu, swali langu la kwanza ni lile la mzee: hiki kilichoanguka ni petali au ni tunda? Mara nyingi jibu linachukua siku kadhaa kupatikana, lakini kuliuliza tu kunanipunguzia kelele.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ningependa mlikariri hata kama mengine mtayasahau. Dhoruba siyo inayomaliza shamba. Kinachomaliza shamba ni usiku wa kimya unaofuata.

Iko hivi. Dhoruba nyingi za majira ya kuchipua huwa zimesukumwa na hewa ya baridi inayoingia. Ikishapita, mawingu yanafunguka, upepo unakata, anga inakuwa safi kabisa. Mgeni anatoka nje jioni, anaziona nyota, anashukuru. Lakini mawingu ndiyo yaliyokuwa blanketi. Usiku usio na mawingu ardhi inapoteza joto lake moja kwa moja angani, na usiku usio na upepo hewa baridi, kwa kuwa ni nzito, inatulia chini na kujikusanya mabondeni kama maji. Alfajiri, muda mfupi kabla ya jua, kipimajoto kinagusa chini kuliko saa nyingine zote. Hapo ndipo jalidi, ile baridi ya kugandisha, inapoua.

Na ua halina ubavu wa kupambana nayo. Mti uleule uliopitisha baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri katikati ya majira ya baridi bila kulalamika, ukishachanua, nusu saa ya nyuzi 2 tu chini ya sifuri inaweza kuua ua moja katika kila kumi. Zikifika karibu nyuzi 4 chini ya sifuri, yanakufa tisa katika kumi. Tofauti ndogo hivyo, hasara kubwa hivyo. Mti haukudhoofika, umefunguka, na kufunguka kuna gharama yake.

Tuna methali isemayo baada ya dhiki faraja. Siibishii, ila uzoefu wangu unaniambia katikati ya dhiki na faraja kuna usiku mmoja wa nyota ambao methali imeuruka. Nimewaona watu waliosimama wima siku ya msiba, waliopangua mitihani migumu, waliofukuzwa kazi wakacheka. Wiki ya tatu, simu zimeacha kulia na waliokuja kuwapa pole wamerudi makwao, ndipo wanapoganda. Mimi mwenyewe nimeganda hivyo, na wakati ule nilijiona mwongo: mbona siku ya tukio nilikuwa imara? Kwa hiyo rafiki yako akipata pigo, siku ile atakuwa na watu wengi. Weka alama kwenye kalenda, umtembelee pale kila mtu akishaona mambo yametulia. Na ukipigwa wewe, usiyavue makoti siku mvua inapokatika.

Kwa kazi yetu, hatari ya usiku huo tunaikabili kwa njia kadhaa. Kuna wanaowasha mioto midogo kati ya safu. Aprili 2021 jalidi ilipoyavamia mashamba ya mizabibu na ya matunda Ufaransa, baada ya siku za joto lililoyahadaa matumba yakafunguka mapema, picha zilizosambaa duniani zilikuwa za mashamba yamejaa mishumaa mikubwa usiku kucha. Pamoja na mishumaa yote hiyo hasara ilikuwa kubwa mno. Njia nyingine ndiyo inayowachanganya wageni: tunaimwagia miti maji yagande. Kila gramu ya maji inapoganda inatoa kalori 80 hivi za joto, na joto hilo linalishikilia ua karibu na sifuri wakati hewa ya nje ni baridi zaidi. Utaliona ua limo ndani ya barafu safi kama kioo, na limo hai. Sharti ni moja: ukishaanza huachi. Ukiyafunga maji alfajiri kwa sababu umechoka, barafu iliyolowa inaanza kuvukiza na kulipora ua joto, na utakuwa umeliua kwa mkono wako. Unaendelea mpaka jua limepanda na barafu inaachia yenyewe. Kuna misaada mingine maishani ya aina hiyo. Bora usiianze kuliko kuikatiza saa kumi na moja alfajiri.

Kisha asubuhi tunakagua. Hapa ndipo wageni wengi wanapoharibu, kwa kuwa wanahukumu kwa kutazama kwa mbali. Ua lililouawa na jalidi linaweza kubaki jeupe, zuri, siku nzima. Na ua lililosinyaa petali linaweza kuwa zima. Subiri masaa machache hewa ipate joto, chukua wembe, likate ua kuanzia juu kushuka chini, utazame katikati. Kijani: liko hai. Kahawia au jeusi: limekufa. Kata mia, ya chini ya mti na ya juu, ya bondeni na ya mwinukoni, ndipo uzungumze. Kwenye kila kishada cha maua matano au sita utakuta lile la katikati, tunaloliita la kifalme, ndilo lililotangulia kufunguka. Likisalimika hutoa tunda kubwa kuliko wenzake. Lakini kwa kuwa limetangulia, jalidi ikija mara nyingi ndilo linalokufa, huku ya pembeni, yaliyochelewa, yamejifunga bado na yanapona. Ukijikuta mwaka wako wa kwanza umeachwa nyuma na uliofika nao, unafunguka taratibu wakati wao wanapewa safu zao, kumbuka hayo ya pembeni. Sisemi kuchelewa ni sifa. Nasema shamba zima lingefunguka siku moja, usiku mmoja ungelimaliza.

Nguvu yenyewe basi inatengenezwa lini? Siyo usiku ule. Maua mtakayoyaona mwezi ujao yalianza kuumbwa ndani ya matumba kiangazi kilichopita, wakati matunda ya mwaka jana bado yananing'inia. Na tawi linalopasuka kwenye dhoruba, ukilitazama pale lilipotokea, kwa kawaida utakuta liliota kwa pembe finyu mno na shina, gome likabanwa katikati, mbao mbili hazikuwahi kushikana. Lilionekana zima miaka kumi. Dawa yake ilikuwa kulipanua kwa kijiti lilipokuwa jembamba kama kidole, kazi ya dakika moja. Kwa hiyo kazi za kuchosha mtakazopewa mwanzoni, za kupanua vitawi na kupogoa, msizidharau. Ndizo kazi za dhoruba, zimevaa nguo za siku ya kawaida.

Hapa lazima nikiri kosa langu. Mwaka wa pili nilipewa miche mipya niisimamie. Kwa huruma niliifunga kwenye nguzo imara, kamba chini, kati na juu, isitikisike kabisa. Ilirefuka haraka, nikajisifu. Nilipoondoa nguzo, ilijikunja kama nyasi. Shina linanenepa na mizizi inashika kwa sababu upepo unautikisa mti. Mti usiotikiswa hauna sababu ya kujijenga. Siku hizi nafunga kwa kamba legevu, chini, mche upate nafasi ya kuyumba, na baadaye naondoa. Nikiwasimamia ninyi nitajaribu hivyohivyo. Mkiona nimewaacha mhangaike kidogo, siyo kwamba sijawaona.

Kuna hadithi moja ya mti ninayoipenda, ingawa dhoruba yake haikuwa ya majira ya kuchipua. Usiku wa kuamkia tarehe 16 Oktoba 1987, upepo mkali uliangusha miti ipatayo milioni 15 kusini mwa Uingereza. Kwenye bustani ya Kew, London, kulikuwa na mwaloni uliopandwa 1798 ambao ulikuwa umeanza kunyong'onyea. Upepo uliunyanyua na mizizi yake, kisha ukaurudisha palepale. Wahudumu waliudhania umekwisha, wakauegemeza na kuuacha uwe wa mwisho kushughulikiwa, kwa kuwa kazi ilikuwa nyingi. Miaka mitatu baadaye ulikuwa umenawiri kuliko ulivyokuwa kabla. Udongo chini yake ulikuwa umeshindiliwa na miguu ya wageni kwa miaka mingi, na ule mtikisiko ulikuwa umeufungua, mizizi ikapumua. Watu huitumia hadithi hii kusifia dhoruba. Mimi namsifia aliyechelewa kuleta msumeno. Miti mingine milioni 15 haikupata bahati hiyo, na sitamwambia yeyote kwamba alihitaji kung'olewa.

Mwisho, jihadharini na mwaka unaofuata. Matunda yakipotea kwa jalidi, mti haubaki na unyonge, kinyume chake. Mbegu zilizomo ndani ya matunda machanga ndizo zinazoutuma mti upunguze kuumba matumba ya maua ya mwaka ujao. Mwaka usio na matunda hakuna wa kuuzuia, basi unaumba matumba kila mahali. Majira yanayofuata unachanua kupita kiasi, unabeba matunda mengi madogo, matawi yanavunjika kwa uzito, na mwaka wa tatu hauna kitu tena. Nimeifanya tabia hiyo mimi mwenyewe: niliposhindwa jambo, mwaka uliofuata nilikubali kila kazi niliyopewa ili nilipize. Kwa hiyo baada ya mwaka mbaya tunapita na mikono yetu, tunaacha tunda moja kwa kila kishada, upana wa kiganja kati ya moja na jingine, na mengine tunayaangusha yakiwa mabichi. Kazi hii inauma mkono na roho. Wageni huwa wananiuliza kama nina akili timamu.

Hilo ni la mwakani. Kwa sasa, miti ikishachanua, na jioni moja baada ya mvua ukaona upepo umekata, mawingu yametawanyika na nyota zinajitokeza moja moja, usilale mbali na simu yako. Weka tochi na wembe mfukoni. Tutakutana bondeni, kwenye safu ya chini kabisa, na tutaanza na ua la katikati.