Swali la Lugha: Mkurugenzi wa Paka na Panya

Msomaji mmoja anaandaa makala kuhusu The Night Watchman, katuni fupi ya mwaka 1938, ya kwanza kuongozwa na Chuck Jones wa Marekani, naye anauliza kama aiite "filamu ya katuni" au "filamu ya uhuishaji". Yote mawili yanafaa. Katuni tumeizoea tangu magazetini. Uhuishaji unatokana na huisha, yaani kutia uhai, neno lenye asili ya Kiarabu, na kwa picha iliyochorwa ikaanza kutembea sijaona jina zuri kuliko hilo.

Lakini barua yake ina neno jingine ambalo hakuliuliza, nalo ndilo lililonipozea chai. Anamwita Jones "mkurugenzi wa katuni".

Mkurugenzi ni mtu wa ofisi. Ana katibu muhtasi, ana muhuri, na ukimtaka utaambiwa yuko kikaoni. Anayeongoza filamu ni mwongozaji, na kitenzi ongoza, ndugu wa ongoa, kinaieleza kazi yake bila kuhitaji msaada wa neno lolote la kiutawala.

Hebu tumtazame Jones mwenyewe, kijana wa miaka 26 katika studio ya Leon Schlesinger kule Hollywood. Katika katuni hiyo, paka mdogo aitwaye Tommy anashika zamu ya kulinda jikoni badala ya baba yake mgonjwa, na panya, walipoona kwamba mlinzi wa leo ni kitoto, wanamdhalilisha na kujilia watakavyo. Ni nani aliyeamua paka huyo aduwae kwa muda gani kabla hajageuka? Sekunde moja ya filamu ina picha 24, na mwongozaji wa katuni huzihesabu moja moja, kwa kuwa kofi likichelewa kwa picha chache tu, kicheko kimekufa. Huchora mikao mikuu ya wahusika, akawakabidhi wachoraji wake waijaze miendo iliyo katikati. Ni mkurugenzi gani mnayemfahamu, wa halmashauri au wa shirika, aliyewahi kushinda kutwa akipima mshangao wa paka? Ikiwa katika studio ile alikuwamo mkurugenzi, basi alikuwa Schlesinger, mwenye mali na mlipaji wa mishahara.

Najua nitajibiwa kwamba Kiingereza kina neno moja, "director", kwa wote wawili. Kiwe nalo, sisi tuna mawili, na sioni kwa nini tujifukarishe kwa hiari. Tena utambulisho wa filamu yenyewe unawaumbua watetezi hao, maana jina la Jones halikuwekwa chini ya neno hilo wanaloling'ang'ania, bali chini ya neno la Kiingereza lenye maana ya usimamizi, kama ilivyokuwa desturi ya studio ile wakati huo. "Dairekta" la vijana wetu wa filamu nalivumilia, kwa shingo upande, kwa sababu ni mgeni asiyeficha ugeni wake. "Mkurugenzi wa filamu" ni mwenyeji aliyeketi kwenye kiti cha mwenziwe.

Msomaji wangu amelitafsiri pia jina la katuni hiyo kuwa "Mtazamaji wa Usiku". Kutazama tu ndiko kulikowanenepesha wale panya. Aandike "Mlinzi wa Usiku", au, kama ana umri wangu, "Korokoroni".