Nishauza mchoro, na watu bado wanautaka

*Ami, salaam aleikum. Mimi ni binti wa Kibokoni, nachora milango ya kizamani ya huku Mji wa Kale, Mombasa, kwa rangi za maji, ile ya nakshi. Mwezi uliopita mtalii mmoja kanunua mlango wa Ndia Kuu, nkaweka picha yake kwa status, watu kama kumi na tano wakanambia nao wanautaka, na mimi nshauuza. Nkachukua ile picha ya simu nkaipeleka saiba kuchapa, ikatoka bluu imekufa na ule weupe wa karatasi umekuwa manjano manjano. Kaka yangu naye anasema sina haki ya kutoa nakala, mwenye mali sasa ni yule mtalii. Nina elfu nane tu. Nianzie wapi?*
*Binti wa Kibokoni*

Waaleikum salaam mwanangu. Tuanze na la kaka yako maana naona ndilo linalokukosesha usingizi: amekosea. Mtalii kanunua karatasi na rangi iliyo juu yake, basi. Haki ya kutoa nakala haikuingia kwenye begi lake. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 haihamishi haki hiyo bila maandishi, na nyinyi najua mlimalizana kwa M-Pesa na ahsante. Inabaki yako uhai wako wote na miaka 50 baada ya kufa, kwa hivyo hata wajukuu watakula. Ila siku hoteli ikikuletea karatasi utie saini, isome, wako wanaochomeka "haki zote" humo katikati na mchoraji anasaini huku macho yapo kwenye noti.

Wewe umekosea kwengine. Umeuza kabla ya kutoa picha ya maana, ni kama kuuza mnazi pamoja na nazi zake za miaka yote. Siku hizi ukimaliza mchoro, hata rafiki awe mlangoni na pesa mkononi, mwambie asubiri mpaka kesho.

Rangi za maji zinakaa bapa, kwa hivyo skana inazipata vizuri kuliko kamera (ungekuwa unachora kwa rangi za kung'aa kama za Tingatinga ningekwambia vyengine). Tafuta duka lenye skana nzuri, waambie waskani kwa nukta 600 kwa inchi, sio 300, maana mchoro wa A4 ukiskaniwa kwa 600 unaweza kuutoa mpaka A2 na mistari ya nakshi isipotee. Kuchapa kwenyewe ndiko kunakotaka 300 kwa inchi, yaani A4 ni pikseli 2480 kwa 3508, na A3 ni 3508 kwa 4961. Simu ya megapikseli 12 inatosha A4, A3 inaanza kupwaya. Kama mchoro ni mkubwa hauingii kwenye skana, utoe barazani kwenye kivuli saa nne asubuhi, usimamishe wima, simu iangalie katikati yake bila kupinda, flashi zima. Ule umanjano wako nahisi ulipiga ndani chini ya taa. Halafu usiitume faili kwa WhatsApp kama picha, inaiminya, itume kama dokumenti ama ipeleke kwa flashi diski. Nimeona watu wakigombana na mwenye duka bure kumbe faili ilikufa njiani.

Ile bluu sasa. Skrini ni mwanga na printa ni wino, na bluu kali ya bahari wino hauifikii yote, hata ulipe vipi. Usiwaachie wachape A3 nzima, omba ukanda mdogo wa kujaribu, utoke nao nje uutazame juani, kama umekufa warekebishe faili mjaribu tena. Waulize pia wino wao ni wa pigmenti (chembe za rangi zisizoyeyuka) ama wa dai (dye, rangi iliyoyeyuka), wa dai unapauka haraka ukikaa karibu na dirisha. Karatasi iwe nzito, isiyo na asidi, ya pamba ukiiweza.

Pesa. Hao kumi na tano wa status, watakaolipa ukijaliwa ni watano, usinikasirikie. Chapa kumi tu za A4. Tuseme moja inakula 400 ya kuchapa na 80 ya kadibodi na mfuko, hiyo ni 4,800 na unabaki na 3,200 za majaribio na mlango mwengine. Uuze 1,500. Utaona nyingi, lakini duka la watalii likitaka arubaini kwa mia unabaki na 900, ukitoa gharama ni 420, na nauli hujahesabu wala siku ulizokaa na brashi. Ukianza na 800 hao wa duka hutawaweza kabisa. Wakichukua mali kauli, andikeni ni ngapi, za bei gani, na zisipouzwa zinarudi lini, wote mtie saini hata kama ni jamaa. Hasa kama ni jamaa. Wa mitaani wakulipe kwa Pochi la Biashara la M-Pesa, kabla hujachapa yao.

Na ukiandika 7/50 kwa penseli pale chini, yaani nakala ya saba kati ya hamsini, basi ni 50. Usije ukatoa nyengine kwa saizi nyengine ukajidanganya hizo hazihesabiki, mji huu mdogo.

*Ami, nilinunua printi ya jahazi nikaitia fremu, mwaka haujaisha imeota madoa ya kahawia na imejikunja mawimbi. Nakaa Likoni karibu na bahari. Jirani anasema nisugue na limau. Nimeibiwa?*
*Baba Likoni*

Hujaibiwa baba, ni unyevu. Aliyekutilia fremu kaigandisha karatasi kwenye kioo, jasho la kioo likawa linaingia kwenye karatasi. Ifungue, ikauke ndani pasipo jua, kisha irudishe na ile kadibodi iliyokatwa dirisha katikati ili karatasi na kioo visigusane, na nyuma usiweke kadibodi ya katoni, weka isiyo na asidi. Usiitundike ukuta unaopigwa na mvua ya masika. Madoa yenyewe yatabaki, hayo mwenye ufundi wa karatasi pekee ndiye wa kuyagusa. Limau lako weka kwenye samaki.